Tusiikwangue Baiskeli ya Shule

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, Iringo, mbele ya waliosoma shuleni hapa na wanafunzi wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, kaka zangu mlionitangulia hapa, wenzangu wa miaka yetu, na ninyi wadogo zangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vyote tumevikalia sisi:

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini niseme juu ya baiskeli. Wapo waliocheka walipoona jambo hilo kwenye ratiba, katikati ya taarifa ya fedha na mpango wa maabara. Nawaomba mnivumilie, kwa kuwa alasiri hii mtapiga kura juu yake, na kura ile ikishapigwa upande mmoja haitawezekana kuigeuza mwakani.

Habari yenyewe mnaijua. Ilipofunguliwa stoo ya zana za shamba ili sakafu yake itengenezwe, ndani yake ilikutwa baiskeli ya ofisi, ile ambayo tarishi wa shule aliendea Posta kuchukua barua kwa miaka mingi. Imesimama juu ya keria yake kama mgonjwa aliyeegemezwa ukutani. Kamati ikapendekeza ipelekwe kwenye karakana ya magari, ikwanguliwe rangi yote mpaka kwenye chuma, ipulizwe rangi mpya nyeusi inayong'aa, kisha iwekwe ndani ya sanduku la kioo pale mapokezi. Fedha zimekwisha kuchangwa. Nami nimechanga, sijifichi.

Lakini kabla haijapakiwa kwenye gari niliomba nipewe Jumamosi tatu za kuitazama. Nilikaa nayo chini ya mti ule wa nyuma ya jiko, pamoja na fundi baiskeli mmoja wa hapa mjini na wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu waliojitolea. Baada ya Jumamosi hizo tatu ninakuja mbele yenu na ombi moja: tuisafishe, tuizuie kutu, tuzibe mahali palipo wazi, na rangi iliyobaki tuiache mahali ilipo.

Sasa niwaambie ni baiskeli gani. Ni Raleigh ya kiume, ya magurudumu ya inchi 28, yenye breki za fito za chuma, siyo za waya. Kibati cha mbele, chini ya usukani, kina kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu, wa jamii ya korongo, na ndege huyo huyo amekatwa ndani ya sahani ya meno pale penye pedali. Kampuni hiyo ilianzia katika mji wa Nottingham, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1880, chini ya Frank Bowden, na jina lake ni la mtaa tu, Raleigh Street, ambako karakana ya kwanza ilikuwapo. Kiwanda cha Nottingham kilikwisha kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Habu ya nyuma ni ya gia tatu, ya Sturmey-Archer, na hapo tulipata bahati. Kampuni ile ilikuwa na desturi ya kugonga mwaka na mwezi juu ya ganda la habu. Wanafunzi walipofuta grisi iliyoganda kama lami, zikatokea tarakimu: 63, na pembeni yake 2. Yaani habu ilitengenezwa Februari 1963. Gurudumu linaweza kubadilishwa, kwa hiyo siapi kwamba baiskeli nzima ni ya mwaka huo. Lakini fundi anasema spoki na ringi vinalingana na vingine, naye ameshika baiskeli nyingi kuliko mimi nilivyoshika mafaili.

Wadogo zangu, yafaa mjue baiskeli ya namna hii ilikuwa kitu gani. Leo mtu akitaka kutoka Iringo kwenda Bweri anapunga mkono tu, pikipiki inakuja. Lakini pikipiki hizi zimejaa katika miji yetu tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo Kanda ya Ziwa nzima iliendeshwa kwa miguu ya watu. Baiskeli ndiyo iliyopeleka samaki kutoka Mwigobero, ndiyo iliyobeba gunia la muhogo, mgonjwa, bibi harusi na jeneza. Hata hilo neno bodaboda lilizaliwa juu ya baiskeli, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendeshaji waliwavusha watu kutoka upande mmoja wa mpaka mpaka wa pili. Mtu aliyekuwa na Raleigh mwaka 1963 alihesabika. Aliifunga vitambaa kwenye fremu ili isichubuke, akaipangusa jioni, na watoto hawakuruhusiwa kuigusa kengele.

Baadaye zikaja za kwetu. Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, tuliyoizoea kwa jina la NABICO, ilitengeneza Swala jijini Dar es Salaam, na kaka zangu walioko hapa mbele wanaikumbuka Swala, kwa mapenzi au kwa matusi. Halafu vita vya Kagera vya 1978 na 1979, halafu miaka ya uhaba, ambapo tairi lilikuwa kitu cha kuandikiwa kibali. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, zikaanza kumiminika Phoenix kutoka Shanghai, na Hero na Avon kutoka Ludhiana, India. Phoenix ndiyo iliyoshinda vijijini kwetu. Siku hizi mnaona na hizi za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na gurudumu dogo. Kama mwanafunzi ana baiskeli ya Kijapani imechubuka rangi na anataka kuipaka ya samawati yenye nyota, na apake. Zipo nyingi, na ni mali yake. Sizungumzii hizo.

Narudi kwenye hii ya shule, hasa kwenye rangi yake.

Mtu akiiangalia kwa mbali anaona kitu cha kijani kilichofifia, chenye madoa ya kahawia. Ukisogea unaona kwamba ile kijani imepakwa kwa brashi, tena brashi pana, kwa kuwa michirizi yake inaonekana na mahali pengine rangi imelia machozi ikakauka hivyo hivyo. Imepita juu ya nati na juu ya fito za breki. Hata kibati cha yule ndege nusu yake ni kijani. Chini ya kijani ipo nyeusi. Na nyeusi ile ni kitu kingine kabisa. Tulifungua sehemu ndogo, ukubwa wa kadi ya simu, kwenye bomba lililo chini ya tandiko, tukaikuta ni laini kama ganda la mbegu, na ndani yake unapita mstari wa dhahabu mwembamba kama uzi wa kushonea.

Nyeusi hiyo ilipakwa kiwandani. Watu wale walikuwa na utaratibu wao: fremu ilitiwa kwanza dawa ya fosfeti ili chuma kisishikwe na kutu na rangi ipate pa kushika, kisha ikapakwa rangi na kuokwa katika tanuri mpaka ikawa ngumu kama bakuli la bati. Mistari ya dhahabu iliongezwa juu yake, na maandishi yakabandikwa kwa karatasi nyembamba za kuhamisha picha, kisha vanishi. Ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya sitini nyeusi ile bado imeng'ang'ania. Rangi ya kupuliza ya karakana, hata ikiwa nzuri namna gani, huikauki kwenye tanuri lile. Fundi wa magari ataipa mng'ao mkubwa zaidi, uimara sidhani.

Basi kuna mtu atasema: vema, tuitoe kijani, turudishe nyeusi ya Nottingham na dhahabu yake. Na mimi Jumamosi ya kwanza nilikuwa naelekea huko. Lakini wanafunzi ndio waliouliza swali lililonisimamisha. Waliuliza: hii kijani ilitoka wapi?

Niliingia Kidato cha Kwanza hapa mwaka 1994, na baiskeli ilikuwa tayari ya kijani. Ikabidi niwapigie simu wakubwa zangu. Simu ya nne ikapata jibu. Kijani hii ni ile ile iliyopakwa kwenye milango ya madarasa na fremu za madirisha ya bweni la kwanza. Ilikuwa miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na shule ilipata debe moja la rangi ya mafuta kwa ajili ya milango. Kazi ikafanywa na wanafunzi wenyewe katika siku za kazi, kwa mujibu wa Elimu ya Kujitegemea kama ilivyokuwa tangu 1967. Rangi ikabaki chini ya debe. Baiskeli ya tarishi ilikuwa imeanza kuliwa na kutu kwenye uma wa mbele, hapakuwa na rangi nyeusi Musoma nzima, na hapakuwa na baiskeli nyingine ya kununua. Vijana watatu wakaambiwa waipake. Wakaipaka kama walivyopaka mlango, bila kufungua hata nati moja.

Ndugu zangu, wawili kati ya vijana hao watatu wamo ndani ya bwalo hili. Mmoja ni yule mwenye mvi anayejifanya kuangalia dirishani. Ninawaambia ukweli, rangi yao ni mbaya. Lakini ndiyo iliyoiokoa baiskeli. Tulipofungua ile sehemu ndogo tulikuta chuma kilichofunikwa na kijani ni kizima, na mahali ambapo brashi yao haikufika, chini ya madigadi na ndani ya shingo ya uma, ndipo kutu ilipochimba.

Kwa hiyo nyeusi ile ni kazi ya Nottingham, na kijani ni kazi yetu. Raleigh nyeusi zenye mstari wa dhahabu zipo duniani kwa maelfu. Wapo wazungu wanaozikusanya na kuzipangusa kila Jumapili. Raleigh iliyopakwa rangi ya milango ya shule hii iko moja.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na miaka yangu ya kwanza kazini niliipitisha masijala. Pale tulifundishwa jambo moja na mzee aliyekuwa karani mkuu: barua ikiwa imefifia, huikozi kwa wino mpya. Unaitia kwenye jalada safi, unaiandikia nakala, unaiweka mbali na mchwa. Ukiikoza wino, umeandika barua mpya kwa jina la mtu mwingine. Sijaona tofauti kubwa kati ya barua ile na fremu hii.

Tena rangi iliyochakaa inasema. Nimewaonyesha wanafunzi, nao sasa wananionyesha mimi. Bomba la juu limelika upande wa kushoto peke yake, karibu na tandiko: hapo ndipo tarishi alipopitisha mguu kila aliposhuka, na hapo ndipo ulipolala mfuko wa barua. Kava ya cheni imesuguliwa mpaka ikawa nyeupe kwa upindo wa suruali. Mikono ya usukani imelika zaidi kulia. Huenda alishika kwa mkono mmoja na mwingine ukashika bahasha. Kwenye keria kuna mikwaruzo ya kamba, miwili miwili, ya sanduku. Ukipeleka vitu hivi kwenye mashine ya kupuliza mchanga, vinaondoka kwa robo saa.

Hilo la mashine ya mchanga silisemi kwa kubahatisha. Nimeiona baiskeli ya mzee mmoja jirani yetu, Humber yake ya ujanani, ambayo watoto wake kwa nia njema waliipeleka karakana fulani wamfurahishe. Ilirudi inameta. Namba ya fremu iliyogongwa chini ya tandiko ilikuwa imejaa rangi na kusuguliwa, haisomeki tena. Kibati cha mbele kilikuwa kimetolewa na hakikurudi. Yule mzee aliishika usukani, akasema asanteni wanangu, akaingia ndani. Watoto wake ndio walionisimulia, kwa huzuni, maana hawakujua.

Basi tufanye nini? Hapa niruhusuni nizungumze kama fundi, ingawa fundi wa kweli ameketi kule karibu na mlango na atanisahihisha.

Adui ni kutu. Chuma, maji na hewa vikikutana kutu inazaliwa, na kutu ikizaliwa inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula. Ndiyo sababu inainua rangi kutoka chini kama mzizi unavyoinua saruji. Sisi tuko kando ya Ziwa Victoria, alfajiri kila chuma kina umande. Rangi iliyofifia haina hatari. Hatari iko pale rangi ilipopasuka na maji yakapata mlango. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta milango hiyo, mmoja mmoja, na kuifunga. Tumehesabu sehemu thelathini na moja, nyingi ni ndogo kuliko kucha.

Kwanza ni usafi. Maji ya vuguvugu kidogo, sabuni laini, tambara la pamba, na kukausha papo hapo. Kwenye grisi iliyoganda, mafuta ya taa kwa mswaki wa zamani. Lakini petroli na thina zisikaribie mahali penye maandishi au mstari wa dhahabu, kwa sababu vitu hivyo huondoka kabla hujamaliza kusema pole. Mahali pale tulitumia pamba iliyolowa mate. Msicheke! Mate ni dawa laini ya kusafishia, na watu wa makumbusho huitumia kwenye picha za thamani. Wanafunzi wanne walitema mate Jumamosi nzima kwa ajili ya shule yao.

Kwenye vyuma vilivyopakwa kromu, yaani usukani, ringi na kengele, msitumie msasa wala pamba ya chuma. Chukueni karatasi ya alumini, ile ya kufungia chipsi, ichovyeni majini, msugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Kengele imekwisha kusafishwa namna hiyo, na inalia.

Pale chuma kilipo wazi, kutu inakwanguliwa kwa msasa mwembamba uliokatwa vipande vidogo, ukubwa wa stempu, ili mkono usitembee mpaka kwenye rangi nzima. Ndimu nayo inasaidia, kwa kuwa asidi yake inalainisha kutu. Lakini lazima ioshwe upesi kwa maji yenye magadi kidogo na kukaushwa juani, la sivyo inaanza kula chuma chenyewe. Halafu praima nyekundu ya kuzuia kutu, tone tu, kwa brashi ya mchoraji. Siku mbili za kukauka. Halafu rangi.

Rangi gani? Hili tulibishana. Nyeusi ya dukani ni nyeusi mno, ukiiweka pembeni ya ile ya zamani inaonekana kama kiraka cha suruali mpya. Fundi alichanganya nyeusi na kahawia kidogo sana, akajaribu kwanza juu ya kifuniko cha kopo, akakipeleka juani, kwa kuwa kivulini rangi hudanganya. Mara ya tano ikakubali. Kijani ilikuwa rahisi zaidi, maana mlango wa stoo upo na ukavu wake unalingana. Matabaka membamba mawili ni bora kuliko moja nene. Na tumekubaliana kwamba tunapaka ndani ya shimo tu, hatuvuki ukingo. Mtu akisogea karibu ataona mahali tulipogusa. Na aone. Katika daftari tumechora fremu nzima na kutia alama kila sehemu, ili atakayekuja baada yetu ajue lipi ni letu na lipi tulilikuta.

Ndani ya mabomba fundi atamimina mafuta ya linsidi kupitia bomba la tandiko, baiskeli igeuzwegeuzwe mpaka yatambae kila pembe, kisha yaachwe yatoke na kukauka. Kutu ya ndani ndiyo inayoua baiskeli kimya kimya. Juu ya kila kitu, nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, ipakwe kwa kitambaa na kung'arishwa. Haitameta kama gari. Itakuwa na mng'ao wa mpini wa jembe lililozoea mkono.

Onyo moja kwa wanafunzi, na hili walimu nawaomba mlishike. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake likivutwa au kumezwa linaharibu ubongo, hasa wa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo hatukwangui rangi ikiwa kavu. Tunalowesha, tunafuta kwa tambara, tambara linatupwa mbali, na mikono inaoshwa kabla ya chakula. Hiyo nayo ni sababu ya kutoipeleka kwenye mashine ya mchanga katikati ya watu, hata kama mengine yote niliyosema hamkuyapenda.

Najua hoja za upande wa pili, na wanaozitoa ni marafiki zangu. Wanasema mgeni akiingia mapokezi na kuona baiskeli yenye madoa atadhani tumeshindwa kuitunza. Wanasema shule ina maabara isiyo na gesi, na sisi tunahangaika na mate na pamba. Hoja hii ya pili ni nzito, na ndiyo iliyonifanya nikae na Mtunza Hazina tukapiga hesabu. Njia hii ninayoipendekeza itatumia chini ya nusu ya fedha zilizochangwa, kwa sababu kazi kubwa ni ya mikono na mikono tunayo. Sanduku la kioo halihitajiki. Ukuta mkavu na kamba vinatosha. Zitakazobaki ziende maabara. Mtunza Hazina yupo, mwulizeni.

Hoja ya kwanza siwezi kuijibu kwa hesabu. Nasema tu hivi: kule Butiama yako Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Watu wanatoka mbali kwenda kutazama vitu alivyovitumia yeye na zawadi alizopewa. Sijakutana na mgeni aliyelalamika kwamba vitu vile ni vya zamani. Na hapa Musoma, Shule ya Msingi Mwisenge, aliyoanza kusoma mwaka 1934, ingali inasimama, na tunawapeleka wageni kwa fahari.

Kwenye kadi itakayowekwa ukutani mimi ningependa yaandikwe mambo manne: aina ya baiskeli, mwaka uliogongwa kwenye habu, habari ya debe la rangi ya milango, na majina ya matarishi walioiendesha. Majina mawili tunayo. La tatu, la yule aliyekuwapo kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na miaka ya katikati ya 1970, hatulijui, na daftari la mishahara la miaka hiyo limeliwa na mchwa. Kaka zangu wa miaka hiyo, tafadhali kumbukeni. Mwanafunzi mwenye daftari amekaa mezani pale pembeni ya birika la chai.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Baiskeli iko chini ya mti nyuma ya jiko. Nawaomba wajumbe wote wapite kuiona kabla ya kura. Ile sehemu tuliyoifungua iko chini ya tandiko, upande wa kulia. Inameni kidogo mtaona mstari wa dhahabu. Mnaweza kuigusa popote isipokuwa kwenye uma wa mbele, praima yake haijakauka.